Mama Sweta Alitaka Majina Matatu

Ukienda kwake kupimiwa sweta ya shule, tepu ilikuja baadaye. Kwanza lilikuja swali. Alikuwa anasimamisha mashini yake ya kufuma, anakutazama juu ya miwani yenye mguu mmoja wa plastiki na mmoja wa uzi wa kijani, halafu anasema, "Jina kamili."

Mtoto anasema, "Brayo."

"Hilo la utani peleka kwenu. Nimesema kamili. Matatu."

Mtoto anageuka kumtazama mamake. Mamake anataka kusaidia, anakatazwa kwa kidole. Basi mtoto anajikaza anayataja yote, la kanisani, la kwake na la babake, na yeye anayaandika kwenye daftari polepole kama mtu anayeandika wosia. Sweta ikiisha, ndani ya ukosi, pale panapogusa shingo, unayakuta majina matatu yameshonwa kwa uzi mwekundu, herufi zimesimama wima kama skauti kwenye gwaride. Kaptembwo nzima, mtaa wetu wa Nakuru, sweta ilikuwa inapotea Jumatatu na kurudi Jumatano. Kuna mwanamke mmoja alianua nguo za mwenzake kwa bahati mbaya, ile bahati mbaya ya kila wiki, akarudisha sweta peke yake. Alisema hawezi kulala na majina ya watu matatu ndani ya nyumba.

"Mtoto akizirai barabarani," Mama Sweta alikuwa akisema, "anayemwokota asiseme nimeokota mtoto. Aseme nimeokota fulani wa fulani wa fulani."

Nilikuwa jirani yake kwa miaka kumi na tisa. Mlango wangu wa tatu, wake wa nne, katika ploti ya vyumba kumi na viwili yenye bomba moja na maoni mengi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu huwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyeoa. Kazi yangu ni kutengeneza pasi na redio, na niliichagua kwa sababu pasi huletwa, haifuatwi. Form four nilimaliza kwa alama ambazo mwalimu mkuu alinipa zikiwa zimekunjwa mara mbili, kwa huruma. Kipaji changu ni kimoja tu, mdomo. Karibu kila mtu pale ploti alikuwa na jina la utani, na karibu yote niliyatunga mimi, nimekaa mlangoni na bisibisi mkononi. Mlinzi wetu aliyekuwa na mguu mbovu nilimwita Spidi. Mama muuza samaki nilimwita Bahari. Hata mwenye nyumba ana lake, ila bado nalipa kodi, kwa hiyo tuliache.

Yeye nilimwita kwanza Pointi Faivu. Ndivyo watu wa kwetu wanavyomwita mtu aliyezaliwa na Mzungu na Mwafrika, kana kwamba alikatwa katikati na nusu nyingine ikabaki dukani. Siku aliponisikia alitoka na mwavuli wake, akasimama mbele ya meza yangu.

"Baba Nekesa. Hapo unaongea na nusu gani? Nikuitie na ile ingine mzungumze vizuri?"

Ploti nzima ilicheka, na safari hii aliyechekwa ni mimi. Siku hiyo hiyo nikahamia Mama Sweta, na jina likakaa. Watoto waliongeza lao, Mathe wa Sweta, na hivyo ndivyo alivyojulikana kutoka kwetu hadi barabara kuu.

Sitaanza na alipozaliwa wala baba yake alikuwa nani. Maisha yake yote watu wameanzia hapo, na wengi wao hawakuendelea mbele. Nitasema tu yale aliyonisimulia mwenyewe, na alinisimulia kwa njia moja: nikiwa nimeshika uzi. Uzi wa kufuma huja umefungwa kitanzi kikubwa, lazima mtu auvae kwenye mikono miwili mwingine akizungusha bonge. Watoto wakiwa shuleni, mtu pekee mzima asiye na pa kwenda mchana alikuwa mimi. Nilikuwa nakaa kwenye kistuli chake mikono juu kama mtu aliyekamatwa, naye anazungusha na kusimulia, na ukishusha mikono hadithi inakatika.

Alikulia kwenye shamba la Mzungu, huko juu upande wa Molo, kwenye safu za nyumba za wafanyakazi. Mama yake alichuma pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Asubuhi, kabla ya kumbeba shambani, mama alikuwa anamsugua uso na nywele kwa masizi ya sufuria na mafuta, ili mtu aliyekaa kule kwenye veranda ya nyumba kubwa asione kitu cha kumtazama mara mbili. Wageni wakija kwa magari, anafungiwa kwenye banda la kukaushia pareto. "Nilikuwa napiga chafya mpaka Jumapili," aliniambia. "Mpaka leo mimi nikisikia gari nzuri napiga chafya." Nikacheka, mikono ikashuka. "Uzi!" akasema.

Kisha Wazungu wakaondoka, shamba likakatwa vipande, na kila familia ya zile safu ikaenda kusimama kwenye kipande chake. Yeye na mama yake waliambiwa, nyinyi mwenyewe wenu ameenda, mfuateni. Angali mtoto, hajajua hata kusoma, alikuwa ameshafichwa kwa sababu ni wa lile shamba, na ameshafukuzwa kwa sababu hiyo hiyo. Alilisimulia hilo bila kupandisha sauti. Alisimama tu kidogo kutafuta fundo.

Shuleni watoto walikuwa wakimng'oa nywele moja moja kuona kama itaota tena ikiwa imenyooka. Kila Krismasi, kwenye igizo la shule, alikuwa malaika. Miaka saba, malaika. "Nilimwomba mwalimu niwe mchungaji, akakataa. Nikamwambia basi niwe kondoo. Akasema kondoo tunao wengi." Hapo mwenyewe alicheka hadi akavua miwani. "Sasa ona. Nimezeeka nikifuma sufu."

Na asubuhi, majina yakiitwa, mwalimu alikuwa anasoma matatu ya kila mtoto. Akifika kwake anasoma moja. Halafu anangoja kidogo, anatazama dari, kama mtu anayepanda ngazi gizani akakosa kidato. Kisha anaendelea na mwingine.

"Moja tu," alisema. "Kama mbwa."

Nakumbuka nilitafuta mzaha wa kuweka hapo. Sikuupata, nikahisi vibaya, na nilichohisi vibaya ni kwamba sikuupata.

Tabia zake zilikuwa hazipatani, na yeye hakujali kuzipatanisha. Hakutaka kusikia neno mzungu, lakini saa kumi kamili mashini ilinyamaza na chai ikanywewa kwenye kikombe chenye kisahani, maziwa yamekuja peke yake kwenye kibirika. Ukimwambia mathe hayo ni mambo ya kizungu, anakujibu, "Haya ni mambo ya saa kumi." Aliogopa jua kuliko mwizi. Ngozi yake ilikuwa inababuka kama rangi ya mlango, na katika lile vumbi letu jeupe la Nakuru alitembea na mwavuli mweusi, watoto nyuma yake wakijipanga kwenye kivuli. Alikuwa anawafukuza. Halafu alikuwa anapunguza mwendo.

Lugha alizijua nne za watu wa hapa, na matusi ya Kiingereza ya manyapara wa zamani, ambayo aliyatumia kwa mashini tu. Madereva wa malori waliokuwa wakilala kituo cha Salgaa walikuja kwake kuagiza kofia za baridi. Wapya walianza vibaya: "Hello madam, how are you?" Naye anamtazama dereva, anakisia kwao kwa lafudhi, na kumjibu kwa lugha ya mamake. Nilimwona mtu mzima, dereva wa trela, amekaa chini ghafla kwenye kizingiti kwa kicheko na aibu. "Huyu ni wetu!" akapiga kelele. "Huyu mama ni wetu kabisa!" Kila mtu alisema hivyo, wa kila kabila, siku ya kuchukua kofia.

Sasa nifike pale ninapopazunguka.

Kanisa letu lilipeleka watoto wa Sunday school kutazama wanyama mbugani, na Mama Sweta akaenda kama mmoja wa watu wazima wa kusimamia. Hata mimi nilienda, nimelazimishwa. Getini wenyeji wana bei yao na wageni wana yao, na tofauti ni kubwa. Kijana wa getini alimtazama, akasema kwa adabu, "Mathe, ID."

Hakuwa nayo. Hakuwahi kuwa nayo. Alipokuwa msichana alikwenda kuomba, wakamwambia alete baba. "Niliwaambia alienda na meli, wamfuate wao, wana mafuta." Hakurudi tena. Miaka yote hiyo laini yake ya simu ilikuwa kwa jina la mke wangu, na kura hajawahi kupiga.

Pale getini hakubishana. Alifungua mwavuli, akakaa kwenye jiwe nje, akatoa sindano zake mbili na uzi. Tulipotoka jioni alikuwa amemaliza mgongo wa sweta. Na mimi, ndani ya basi, watoto wamechoka na kimya kimekuwa kirefu, nikaona hapa panahitaji mtu wa kuchangamsha. Nikasema, "Nyinyi mmelipa kuona twiga. Nyani leo wamekaa getini wakaona mnyama wa ng'ambo bure."

Watoto waliangua kicheko. Naye alicheka. Alicheka kidogo kuliko kawaida yake, lakini nilihesabu kuwa ni kicheko.

Kesho yake alianza kutafuta kitambulisho. Alikuwa amepita miaka sitini.

"Nataka nipige kura mara moja kabla sijafa," aliniambia, "hata kama nitampigia mjinga. Na nikifa waniandike jina, si maiti ya mama wa sweta."

Kwa mtu mzima asiye na karatasi utaratibu ni huu: mzee wa mtaa anapita kwa majirani akiuliza, anaandika, kisha unaitwa mbele ya wazee kwa ofisi ya chifu na unaleta majirani wawili wakushuhudie kwamba wewe ni mtu wa hapa. Mzee wetu wa mtaa alikuwa mtu mpole, wa kofia ya sufu na daftari la kurasa mia moja, mtu ambaye sijawahi kumwona akicheka, wala hilo si kosa. Alikuja Jumamosi. Tulikuwa pale mlangoni wanaume watano, tunacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Mama Sweta alikuwa ameenda sokoni.

"Huyu mama wa mlango wa nne," mzee akauliza, "mnamjua ni wa wapi?"

Wote wakanigeukia mimi. Si kwa sababu namjua kuliko wao. Walinigeukia kwa sababu walijua nitasema kitu. Na mimi wakinigeukia watu wanne wanaongoja kucheka, hata kama ni mazishi, mdomo unatangulia.

Nikasema, "Huyo? Huyo alisahauliwa na ndege ya London. Tunamtunzia tu. Wakirudi tutawapa."

Lo, walicheka. Spidi alimwaga vifuniko vyote. Mzee hakucheka. Alilowesha kalamu kwa ulimi, akaandika.

Nilimwona akiandika. Hilo ndilo ninalotaka kusema wazi, kwa sababu nimejaribu miaka kadhaa kulikumbuka kana kwamba nilikuwa nimeinama. Sikuwa nimeinama. Nilimwona, na nilikuwa na nafasi ya kusema, mzee, ni utani, futa hiyo. Lakini kicheko kilikuwa kitamu bado.

Jumatatu Mama Sweta akaja mlangoni kwangu. Alikuwa amevaa gauni la kanisani ingawa ni Jumatatu, analijaribu.

"Baba Nekesa, kesho saa tatu. Nimempata Bahari awe shahidi mmoja. Wewe uwe wa pili. Unajua kuongea."

"Hiyo ni kazi ndogo, Mama Sweta. Kesho niko."

Alipoondoka, jamaa wakaanza. Mmoja akasema, "Kwa hivyo unaenda kuapa ni wa kabila gani? Utamwandikisha la kwenu?" Mwingine akasema, "Akiandikwa la kwenu basi ni dada yako ama ni bibi yako, chagua." Sasa utani ulikuwa unakuja upande wangu, nikainamia kazi. Jumanne asubuhi ikanyesha. Si mvua kubwa. Nimeona mvua kubwa, hiyo haikuwa. Nilimsikia akifunga kufuli, nikasikia viatu vyake vikisimama mbele ya mlango wangu, na mwavuli ukifunguka. Akabisha mara mbili.

Mke wangu alikuwa kazini. Mimi nilikuwa mezani na pasi ya mtu, nimeshikilia bisibisi hewani kama vile nashika uzi. Sikuitika. Niliweka hata sauti ya redio chini.

Akaenda na Bahari peke yake, na Bahari Kiswahili chake kikiulizwa na mtu wa ofisi hukimbia.

Alirudi saa nane. Gauni lilikuwa limelowa hadi magotini. Alisimama mlangoni kwangu, ambao sasa ulikuwa wazi, kwa sababu saa hiyo nilikuwa nimejipangia ugonjwa.

"Tumbo," nikasema.

"Pole."

"Ilikuwaje?"

"Walisoma daftari," akasema. "Majirani wanasema ni mgeni. Alikuja na ndege. Hata jina hawakuniuliza."

Nikajishika tumbo.

"Baba Nekesa, chai iko?"

Nikampa chai. Alikaa kwenye stuli ya wateja, akainywa yote, akanishukuru, akaenda kwake. Hakulitaja tena, na mimi sikulitaja. Baada ya hapo neno mgeni likaanza kutumika pale ploti bila kicheko. Mwenye nyumba akauliza kama ni halali kumpangisha mtu asiye na karatasi. Miezi mitatu baadaye pikapu ikaja, wakapakia mashini imefungwa blanketi. Alikuwa anaenda Naivasha, mtaa wa Kihoto, karibu na ziwa, kwa wafanyakazi wa mashamba ya maua. Watoto wao pia wanahitaji sweta, alisema. Nilimsaidia kupandisha mashini. Nilisema kitu cha kuchekesha kuhusu uzito wake. Sikikumbuki, na nashukuru.

Miaka sita ikapita. Nilijua yuko umbali wa safari ya asubuhi moja. Nilijiambia nitaenda pasi zikipungua.

Mwezi huu Nekesa, binti yangu, ambaye siku hizi anafunga maua Naivasha, alinipigia simu.

"Dadi, ziwa limepanda. Kihoto maji iko kwa manyumba, watu wamewekwa kanisani. Unajua nani niko naye hapa? Mathe wa Sweta."

"Amekujua?"

"Dadi, ameniita majina yote matatu. Mbele ya watu. Hata lile la bibi sipendi." Kisha akashusha sauti. "Wanaandika watu wapewe mahali. Yeye hana ID. Wanasema atafute mtu mwenye ID aliyemjua miaka mingi, mimi wanasema ni mtoto, na majirani zake wa hapa ni watu wa kuja juzi. Dadi, si wewe unamjua?"

Kumbe swali linaweza kurudi miaka yote hiyo likiwa na sauti ya mtoto wako.

Nilienda. Mke wangu alinitazama nikifunga viatu asiamini, akaniuliza kama kuna mtu amekufa.

Kanisa lilikuwa limejaa magodoro na sufuria na kuku waliofungwa miguu. Yeye alikuwa karibu na dirisha, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe kabisa, miwani ile ile. Mashini ilikuwa haipo. Maji yaliifikia kabla hajapata wa kumsaidia kuibeba. Alikuwa anafumua sweta kuukuu ya msaada, anazungusha uzi kwenye mguu wa kiti.

"Baba Nekesa," akasema. "Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna, nimekuja kushuhudia. Aliufunga uzi kwenye mguu wa kiti. Kisha akainuka, akajifuta magoti, tukaenda mezani.

Mezani alikuwa kijana mwenye tableti, mwenye adabu, macho mekundu kwa uchovu. Nilimpa kitambulisho changu. Nilikuwa nimejipanga kusimama wima.

"Unamjua huyu mathe?"

"Vizuri sana."

"Miaka ngapi?"

"Jirani yangu. Kumi na tisa, ukuta kwa ukuta."

"Sawa mzee. Jina lake kamili?"

Nilifungua mdomo. Mdomo wangu mimi, ambao haujawahi kukosa. Nilimwona amekaa akizungusha uzi na kusema moja tu, kama mbwa, na mimi mikono juu, nikitafuta pa kucheka badala ya kumuuliza hilo moja lilikuwa lipi. Nilitafuta kila mahali. Nilichokuwa nacho ni Mama Sweta, na chini yake Pointi Faivu, na chini yake ndege.

"Tunamwita Mama Sweta," nikasema.

Kijana hakucheka. "Mzee, hiyo siwezi andika." Akamgeukia yeye, labda kwa kunihurumia. "Na wewe mathe, huyu mzee unamjua?"

Mama Sweta akavua miwani, akaipangusa. Akataja majina yangu matatu, na la tatu ni la babu, ambalo hata mimi huliona kwenye kitambulisho tu. Akataja ya mke wangu matatu. Akataja ya Nekesa, na kwamba alipoingia darasa la kwanza kifua chake kilikuwa inchi ishirini na nne, na mkono wa kushoto ulikuwa mrefu kidogo kuliko wa kulia. "Na kifua chake yeye," akasema akinielekezea kidole, "ni arubaini na mbili. Hapungui kwa sababu hatembei."

Kijana alitutazama sisi wawili. Akanirudishia kitambulisho.

"Mzee, sikatai. Lakini sasa huyu ndiye anakujua wewe. Jumanne ijayo watu wa vitambulisho watakuwa hapa wenyewe, kutoka saa tatu. Kuja uapishwe. Na ukuje ukijua."

Tulirudi dirishani. Akaniwekea kile kitanzi cha uzi kwenye mikono bila kuniuliza, akaanza kuzungusha. Nilikaa mikono juu.

"Mama Sweta," nikasema. "Ile ndege."

"Ndege gani?"

"Ya London. Ni mimi nilisema."

Hakuacha kuzungusha. "Nilijua ni wewe kabla hawajamaliza kusoma. Mtaa mzima nani mwingine anajua kuchekesha?" Bonge likazunguka mara kadhaa. "Na ilikuwa nzuri. Mimi nilicheka. Nimesimama pale mbele yao na gauni limelowa, nikacheka. Halafu nikaona nacheka peke yangu."

Mikono ikashuka, uzi ukalegea.

"Na siku hiyo sikuwa na tumbo," nikasema.

"Baba Nekesa, uliweka redio chini. Nilikuwa mlangoni." Akavuta uzi ukanyooka. "Uzi."

Nikainua mikono.

Alipofika karibu na mwisho nilimuuliza. Nilimuuliza kama alivyokuwa akiuliza watoto wote wale, jina kamili. Aliniambia. La kwanza lilikuwa lile la rejista. La pili la mama yake aliyechuma pareto. La tatu la mama wa mama yake. Alisema aliyapanga hivyo mwenyewe zamani, na hajawahi kupata mtu wa kumpa.

"Sema," akasema.

Nikasema.

"Tena. Usiimbe, wewe si redio. Sema."

Nikasema tena. La tatu nililikosea. Akanirudisha mwanzo, kama mtoto wa darasa la kwanza, hadi mama mmoja wa godoro la jirani akaanza kuyasema pamoja na mimi.

Leo ni Jumatatu. Nimerudi kwangu, niko mezani, kuna pasi tatu za watu na sijagusa hata moja. Tangu mchana wingu limekaa juu ya mlima Menengai, na sasa mabati yameanza kulia, na si mvua ndogo. Viatu nimeviweka mlangoni. Mke wangu ameviona, akaniuliza, "Na kesho ikiamka hivi?"

"Nitalowa," nikasema. Alingoja mzaha ufuate. Haukufuata.

Jina lake sijaliandika hapa, na si kwa kusahau. Nimelirudia leo mbele ya kila redio iliyo chumbani humu. Lakini halijawahi kutamkwa lote mbele ya watu wa kuandika, na sitaki karatasi yangu mimi ndiyo iwe ya kwanza. Pa kwanza ni ile meza, kesho, saa tatu. Nitasimama, nitaulizwa, na nitayataja yote matatu.